Kikombe cha Ishirini

Juma lililopita tuligawana vitu vya Mama, mimi na wadogo zangu wawili, katika ile nyumba yake ya Kapsoit. Mmoja alichukua redio na ndama, mwingine akachukua viti. Vyombo waliniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye msichana. Nilipokuwa nikivipanga kwenye katoni nikakuta ndani ya sufuria kubwa kikombe cha plastiki, cha kijani, mdomo umetafunwa na panya upande mmoja. Nikakinusa kabla sijajua ninachofanya. Miaka yote hiyo, na bado kilinuka omena.

Mdogo wangu akasema nikitupe. Nikamwambia nitakitupa. Sijakitupa, na sijui nitakifanyia nini, maana siwezi kunywea chai kitu nilichomharibia nacho mtu maisha. Haya, nimeshasema. Sasa acha nieleze, na wewe uliyekua wakati mmoja na mimi, uliyetumwa dukani na shilingi kumi ukapewa mafuta ya kupikia kwenye kikaratasi cha nailoni, utanielewa haraka kuliko watoto wangu.

Wakati huo tulikaa kambi ya shamba la chai, zile nyumba za mstari, chumba kimoja na bomba moja la maji kwa watu wote. Baba alifanya kazi kiwandani, akitia kuni kwenye boila. Mama hakuchuma chai. Mama alikuwa na meza. Ilikuwa mbao nne juu ya miguu isiyolingana, mahali njia ya kambi inapokutana na barabara ya trekta, na juu yake aliuza omena tu, omena kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, lundo moja kwenye gunia lililofunuliwa. Watu wa kambi walimwita Mama Omena. Kando ya lundo kulikuwa na gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia, na kando ya gorogoro, kikombe cha kijani. Gorogoro zima lilikuwa la siku ya mshahara. Siku nyingine zote watu walinunua kikombe, na kikombe kilikuwa shilingi ishirini.

Mama alikuwa na namna yake ya kuuza, na si yake peke yake, ni ya wamama wote wa omena. Akishajaza kikombe anakikata juu kwa kiganja, anamimina kwenye karatasi ya gazeti, halafu mkono wake unarudi kwenye lundo wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna, unachota kidogo na kutupia juu. Hiyo ni nyongeza. Hakuna mtu aliyenunua kikombe bila nyongeza. Ukisahau, mteja haondoki. Anasimama tu na gazeti lake wazi, anakuangalia, na wewe unaona haya mpaka unaongeza.

Nyumbani kwetu alikaa pia Akoth. Alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa Mama, ambaye alifariki huko ziwani, na alikuja kwetu akiwa amemaliza darasa la nane. Alama zake hazikuwa mbaya, ila karo ya sekondari haikuwepo. Mama alimwahidi jambo moja, na alimwahidi mbele ya Baba: Akoth atakaa na meza mwaka mmoja, na Januari faida ya omena itamlipia chuo cha ushonaji mjini Kericho. Akoth alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mpole, mwenye mikono mirefu, na kila mtu aliyepita mezani, Akoth alimtazama nguo kwanza, pindo limekaaje, mkono umekatwaje. Mimi alishanipima mgongo kwa kamba ya katani, akasema sare yangu ya sekondari atashona yeye. Alikuwa akihesabu miezi.

Siku ilienda hivi. Akoth alikaa mezani tangu asubuhi. Mama alibeba beseni kichwani akazunguka kambi za juu, au alienda mjini kuleta mzigo. Saa kumi nikitoka shule, Akoth aliniachia meza akaenda kuchota maji na kupika, na mimi nikauza mpaka saa kumi na mbili. Hizo ndizo saa zenye watu, kwa sababu wachumaji walikuwa wametoka kupima majani. Walikuja na vikapu mgongoni, wamelowa mvua ya jioni, wakimsema karani aliyewakata nusu kilo kwa uzito wa kikapu. Kwenye mizani ya chai hakuna aliyewadanganya hata kwa gramu bila kelele kusikika mpaka kiwandani. Kwangu walinyoosha ishirini na kusema, weka, na uongeze.

Mwaka huo, darasa la sita, tuliletewa mwalimu mpya wa hesabu. Alikuwa kijana, alivaa tai hata Jumamosi, na alikuja na neno moja: gawanya. Usiangalie ukubwa wa pakiti, gawanya. Usiangalie picha, gawanya. Alileta darasani pakiti mbili za sukari, za viwanda viwili, akatuonyesha kwamba ile iliyokuwa na bei ndogo ndiyo ghali, kwa kuwa ndani yake sukari ilikuwa pungufu. Mimi niliona kama mtu amenifungulia dirisha. Hesabu hiyo niliishika siku hiyo hiyo. Bei ya kilo moja, bei ya lita moja, bei ya kijiti kimoja cha kiberiti, nikawa siambiliki. Nilimwambia mwenye duka la kambi kwamba mche wa sabuni akiukata vipande kumi anapata shilingi thelathini zaidi ya anavyouuza mzima. Akaniuliza kama nimetumwa sabuni au nimetumwa hesabu. Nilijiona kichwa kweli kweli, na Mama, ambaye hakupita darasa la nne, alikuwa akiwaambia wateja, huyu wangu hesabu yake haikosi.

Kisha mwalimu akatupa kazi ya kufanya nyumbani. Tutafute kitu kimoja kinachouzwa mahali pawili, tugawanye, tulete jibu nani ghali. Jumamosi nilienda na Mama sokoni mjini kumsaidia kubeba, na huko nikaona wanauza gorogoro la omena, limekatwa juu sawasawa, kwa shilingi mia mbili. Jioni, Mama akiwa ameenda kuoga, nilichukua kikombe cha kijani nikakijaza, nikakikata, nikamimina kwenye gorogoro, nikahesabu. Vikombe kumi na vinne. Kumi na vinne mara ishirini ni mia mbili na themanini. Nilirudia mara tatu, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Mjini mia mbili, kwa Mama mia mbili na themanini. Mama yangu alikuwa anawaibia wachumaji shilingi themanini kwa kila gorogoro, na wao walikuwa wanamsalimia kwa heshima.

Shuleni niliandika habari za sukari. Sikuthubutu kuandika za omena. Lakini Jumapili, kama kwa makusudi, mchungaji akahubiri juu ya wafanyabiashara wenye mizani ya uongo, na Mama aliyekuwa karibu nami akaitikia amina kwa sauti. Nilitamani benchi linimeze. Nilimtazama shingo yake, na shanga alizovaa za kanisani, nikafikiri, amenunua kwa zile themanini.

Mtoto mwenye akili angemwuliza mama yake. Mimi nilikuwa na akili ya kugawanya tu. Niliamua kurekebisha mambo kimya kimya, na nilipata hata namba: mia mbili gawanya kwa ishirini ni kumi. Gorogoro moja linapaswa kutoa vikombe kumi, si kumi na vinne. Kwa hiyo kila mwenye ishirini anastahili kikombe kimoja na karibu nusu. Jumatatu saa kumi na robo, Akoth akiwa ameshika njia ya bombani, nikaanza. Nilijaza kikombe, nikamimina, nikajaza tena karibu nusu, nikamimina. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Chebet, mwenye shamba lake dogo la chai ng'ambo ya mpaka wa kampuni, mama mwenye maneno machache. Alilitazama lile gazeti, akanitazama mimi. Halafu akabaki amesimama, gazeti wazi. Alikuwa anangoja nyongeza. Nami nikampa, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyouza omena.

"Huyu mtoto iko na mkono msuri," akasema, akaondoka.

Maneno hayo yalinilewesha. Ndani ya juma moja wateja wangu walikuwa foleni. Wengine walikuja kutoka kambi ya pili. Wanawake walinibariki, wakasema nitaolewa vizuri, wakasema huyu si kama wakubwa. Kila usiku niliomba nikimwambia Mungu namna nilivyomlipia Mama dhambi zake kwa siku hiyo. Shuleni tuliimba kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyetuambia kwamba haba na haba humaliza gunia pia.

Jambo ambalo sikuliona, na lilikuwa mbele ya macho yangu, ni lililotokea asubuhi. Watu waliacha kununua asubuhi. Walipita mezani kwa Akoth, wakasalimia, wakasema tutarudi jioni. Akoth alikaa pale na lundo lake tangu saa moja, akafunga mchana na shilingi mia, mia na ishirini. Na gunia lilikuwa linashuka. Mama alikuwa akinunua nusu gunia, gorogoro ishirini, kwa shilingi elfu tatu na mia nne. Hakuandika popote, lakini alijua kama anavyojua njia ya kwao kwamba nusu gunia likiisha, kwenye kopo la pesa lazima kuwe elfu nne na kitu. Mara ya kwanza alikuta elfu tatu na mia saba. Akazihesabu upya. Mara ya pili alikuta elfu tatu na mia tatu, pungufu ya pesa aliyonunulia. Mara ya tatu hakuweza kununua nusu gunia. Alinunua robo, kwa kukopa nauli.

Alituita wote wawili baada ya chakula, Baba akiwa zamu. Hakupiga kelele. Alimimina kopo mezani, akahesabu mbele yetu, akauliza pesa iko wapi. Akoth akasema asubuhi hakuna wateja. Mama akamwambia, kama hakuna wateja, omena inaliwa na nani? Akoth akarudia yale yale, kwa sababu hakujua. Mimi nilijua omena inaliwa na nani, ningeweza kuwataja kwa majina, ila sikuunganisha mambo haya mawili. Nataka uniamini hapa, ingawa sitakulaumu usiponiamini. Kwa hesabu yangu, Mama alikuwa anapata mia mbili kwa kila gorogoro, kama watu wa mjini, na watu wa mjini hawafilisiki. Haki haiwezi kuleta hasara. Basi, kama pesa imepungua, kuna mtu anachukua. Nilimtazama Akoth, Mungu anisamehe, nikajiuliza anaificha wapi.

Mama alianza kwa kunitoa mimi kwenye shaka. "Huyu ni wa hesabu," akasema. "Huyu hesabu yake haikosi."

Kesho yake alipekua begi la Akoth. Akakuta shilingi mia tatu na hamsini zimefungwa kwenye kitambaa. Akoth akasema ni za kufua nguo za karani wa kiwanda, Jumapili kwa Jumapili, anaweka za uzi na sindano. Karani alikuwa amehamishwa, hakukuwa na wa kuuliza. Mama aliketi kitandani na ile pesa mkononi. Nilimwona anazeeka hapo hapo. Alisema alikuwa anamtafutia pesa ya kushona, kumbe anayetafutiwa anaichota kwa chini. Akasema Ijumaa atampa nauli arudi kwa baba yake. Habari za chuo zikaisha hivyo, hakuna aliyezitaja tena.

Alhamisi Akoth alinifuata bombani. Hakuwa amekuja kuchota, alikuja mikono mitupu. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Wewe jioni unauza namna gani?" akaniuliza. "Niambie tu. Sitakasirika."

Bado sikuwa nimeelewa hesabu, lakini nilielewa kwamba kuna kitu ninachokijua ambacho yeye anakihitaji. Nikaona pia kwamba nikikitoa, itabidi nimwambie Mama kwamba nilimdhania yeye mwizi, na wale wanawake hawatanibariki tena, na mwalimu, na kila mtu. Akoth alingoja. Ndoo yangu ilijaa, ikaanza kumwagika kwenye miguu yetu wote wawili.

"Nauza kama Mama alivyonifundisha," nikasema.

Akainua kichwa, akafunga bomba, akanisaidia kujitwisha ndoo. Ijumaa nilipotoka shule hakuwepo.

Juma lililofuata niliuza kwa kikombe changu na nusu kama kawaida, nikingoja kopo lijae, kwa kuwa mwizi ameondoka. Kopo halikujaa. Nikahesabu mwenyewe, nikahesabu tena. Gorogoro moja lilikuwa linatoa mia na sitini. Nililala siku mbili nikijidai mgonjwa wa tumbo. Niliporudi mezani nilikata kikombe juu kwa kiganja, kimoja tu, nikatupia nyongeza, basi. Wanawake wakaguna, wakasema mtoto ameharibika, wakanunua hivyo hivyo. Mwezi haukuisha, Mama akaweza kununua nusu gunia tena. Alimwimbia Mungu akihesabu pesa.

"Umeona?" akaniambia. "Mkono ulioiba ukitoka, baraka zinarudi."

Nikasema ndiyo, Mama.

Nilipoacha kukosea, kuacha kwangu ndiko kukawa ushahidi kwamba Akoth ni mwizi. Hukumu niliitia muhuri mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na miwili, na kikombe cha plastiki.

Kosa lenyewe nililielewa baadaye sana, nikiwa nimemaliza sekondari, nangoja chuo, namsaidia Mama mezani kama zamani. Alinituma kwa mama mmoja mgeni aliyeanza kuuza omena jirani, nikaone anauza vipi. Nikarudi nikasema anauza kikombe kama chetu, ishirini na tano wakati huo, bei moja na sisi. Mama akacheka. Akaniuliza, na mkono wake ukoje? Nikasema sijaangalia mkono. Akasema basi hujaona bei, kwa sababu bei ni kikombe na mkono, na huyo mgeni mkono wake ni mkavu, hatamaliza mwezi. Akaendelea kupepeta omena. Mimi nilisimama pale nikigawanya. Maishani sijawahi kupiga hesabu haraka namna ile. Mkono wa Mama ulikuwa theluthi ya kikombe. Kikombe na theluthi, gorogoro linatoa vikombe kumi na nusu, si kumi na vinne. Mia mbili na kumi. Mama alikuwa akiuza kwa shilingi kumi tu zaidi ya mjini, na kwa kumi hizo aliwaletea mzigo mpaka mlangoni pao, watu ambao wangelipa nauli mia kwenda kuutafuta. Mimi nilikuwa nimepima kikombe tu. Kile kinachotolewa bure sikukihesabu, kwa sababu hakuna anayekilipia, na mwalimu hakukifundisha. Halafu juu ya kikombe changu na nusu nikatupia nyongeza ileile, kila mara, bila kufikiri. Nilikuwa nauza omena ya mama yangu chini ya bei aliyonunulia na kujiita mwenye haki.

Mama hakuwa mwizi. Akoth hakuwa mwizi. Siku ile ile ningeweza kusema, Mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nilimwambia jua ni kali, nikaingia ndani.

Sasa nafanya kazi ofisi ya ununuzi katika chuo kimoja upande wa Kabianga. Kazi yangu ni kulinganisha bei: rimu ya karatasi, lita ya rangi, kilo ya mchele wa wanafunzi. Wenzangu husema sipitiwi na kitu. Nauliza usafiri uko ndani au nje, nauliza gunia lina kilo ngapi kweli, nauliza wanachotoa bure ni nini. Husifiwa kwa hilo kwenye mikutano, na kila nikisifiwa najiona niko bombani, maji yanatumwagikia miguuni. Akoth tulisikia aliolewa, tukasikia ameachika, tukasikia anauza nguo za mitumba Silibwet, huko Bomet. Ni mwendo wa saa moja na kidogo. Kazi imenipeleka huko mara nyingi. Niliwahi kumwona kwa mbali, ameinama juu ya lundo la mashati, anamwonyesha mteja jinsi kola ilivyoshonwa. Nilimwambia dereva twende.

Mama alipougua alihamia kwangu miezi minne. Alipungua mpaka akawa kama mtoto wa shule. Jioni moja nilikuwa nikimgawia dawa, akasema, bila mtu kumwuliza, "Yule mtoto wa dada yangu. Mpaka leo sielewi kwa nini aliniibia. Angeniomba tu, ningempa." Macho yake yalikuwa juu yangu, yanangoja nimsaidie kuelewa. Kidonge kilikuwa kiganjani mwangu. Sikuwa mtoto tena, sikuwa na mwalimu wa kuogopa wala wanawake wa kunibariki. Nikamwambia anywe dawa, apumzike. Alikufa baada ya siku tisa.

Asubuhi tulipokuwa tunamsafirisha kwenda ziwani, jeneza liliwekwa kwanza kwenye uwanja wa nyumba yake ya Kapsoit, chini ya turubai, ili watu wa huku wamuage. Wazee wa kambi walikuja, na majirani Wakipsigis walioishi naye miaka yote, na Mama Chebet akiwa na fimbo sasa. Mimi ndiye niliyesoma historia ya marehemu. Nilisoma kwamba alitulea kwa meza moja na kwamba alikuwa mtu wa haki. Nilipomaliza, mwongozaji akauliza kama kuna ndugu mwenye neno. Kwetu, mwenye neno na maiti analisema kabla ya safari, asije akabaki nalo.

Akoth akasimama nyuma kabisa. Sikujua amefika. Amenenepa, amekuwa mama mzima, amevaa gauni jeusi lililomkaa vizuri. Alikuja mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya kioo, akaongea kama watu wanavyoongea na mtu aliyelala mchana.

"Mama mdogo, nimekuja kukusindikiza. Ulinilisha mwaka mzima na ukaninunulia viatu. Asante. Lakini unaenda ukijua mimi ni mwizi. Mimi sikuchukua hata shilingi. Nimesema, basi."

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Mjomba mmoja akamwambia, kwa upole, mwanangu, mambo hayo yaache, marehemu ashasamehe. Akoth akaitikia kwa kichwa, akageuka kurudi alikokuwa. Lile neno, ashasamehe, nilishindwa kulivumilia. Nilisimama na karatasi yangu ya historia mkononi, nikasema hapana. Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa nazidisha kikombe jioni, kila jioni, Akoth akienda kuchota maji. Na kwa sababu sijui kuongea bila namba, nikaanza kuwaeleza waombolezaji mia mbili habari za vikombe kumi na vinne na vikombe kumi, mia mbili na themanini, nyongeza, theluthi, mpaka mdogo wangu akanishika mkono. Hakuna aliyeelewa hesabu. Kila mtu alielewa niliyoyafanya. Mama Chebet aliinamisha macho kwenye fimbo yake.

Akoth alikuwa amesimama katikati ya viti, amenigeukia. Alinisikiliza mpaka nikakosa maneno. Hakulia na hakunitukana, na mimi nilitamani anitukane. Akalitazama jeneza, halafu akanitazama mimi.

"Hayo," akasema, "ungemwambia wakati anasikia."